Mtoto amekimbia, mama anafungwa: sheria inasema nini?

Jambo hili tunaliona sana katika mitaa na vijiji vyetu. Kijana anashitakiwa kama ameiba simu. Polisi wanafika nyumbani, hawamkuti. Basi wanabeba mama yake ao mkubwa wake, wanamtia ku kasho "mpaka mwenyewe atajileta". Wengi wanafikiri ndiyo sheria. Hapana.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema wazi: hakuna mtu anayeweza kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa juu ya tendo la mwengine. Mama anaweza kuulizwa maswali kama shahidi. Kumfanya rehani ya mtoto wake, hapana.

Na kijana mwenyewe akipatikana? Bado si mwizi, mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinaomba aambiwe palepale sababu ya kukamatwa, katika lugha anayosikia. Hapa ndipo watu wengi wanaangukia: PV inaandikwa kwa Kifaransa, mtu anaweka sahihi bila kujua alichokubali. Usiweke sahihi mbele ya kusomewa na kutafsiriwa. Ana haki pia ya kujulisha familia, na avoka anaweza kuwa naye tangu kwa polisi, si kungojea tribinali.

Kwa polisi, mwisho ni masaa 48. Yakipita, OPJ anapashwa kumwachilia ao kumpeleka parke. Kwa hiyo familia iandike siku na saa ya kukamatwa, hata ku karatasi ya daftari. Bila ile saa, mutahesabu kutokea wapi? Yakipita na mtu angali ndani, peleka barua parke, maana OPJ anafanya kazi chini ya uongozi wake.

Deni nalo halifungi mtu. Kifungu cha 61 kinakataza, hata wakati wa "état de siège" kama ile iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa 5 mwaka wa 2021. Lakini angalisho: wadai wengine wanashitaki "utapeli", ambao ni kosa kweli. Ndiyo maana karatasi ya kukopeshana inafaa ichungwe vizuri.

Asiye na makuta ya avoka aulize kwa chama cha mawakili cha jimbo: kuna ofisi ya kutoa mashauri ya bure.