Mama, si mate yako: kirusi, malaria na uvimbe wa taya

Juzi jirani yangu alinijia na swali lililomkosesha usingizi. Mwanawe ana limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo mara nyingi huanza kwa kuvimbisha taya. Mtu amemwambia kuwa huletwa na kirusi cha kwenye mate. "Shoga, ni mimi niliyemtia? Nilikuwa nikimtafunia chakula."

Kirusi kipo kweli. Chaitwa Epstein-Barr. Kiligunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, katika uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza ugonjwa huu mwaka 1958.

Lakini zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wanacho kirusi hiki, na Afrika wengi wetu hukipata tukiwa wachanga. Asingekipata kwa mamake, angekipata kwa bibi, kwa ndugu au kwa kikombe cha jirani. Kikiingia hakitoki; hujificha ndani ya chembe za kinga, na kwa walio wengi hakiwadhuru kabisa.

Basi nini humgeuza mmoja akaugua? Mshirika wake mkubwa ni malaria. Ndiyo maana hapa Kenya ugonjwa huu huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na huku kwetu Pwani. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe zile zigawanyike kwa wingi, na hulegeza ulinzi unaokidhibiti kirusi. Katika kugawanyika huko hutokea kosa kwenye jeni inayoongoza ukuaji, na chembe moja ikazaana bila kikomo.

Chanjo ya kirusi hiki bado hatuna, ila chandarua tunacho, na malaria yatibika. Tusiviache vyandarua vikawa nyavu za kufugia kuku.

Na ukiona taya la mtoto limevimba, meno yanalegea, jicho latokeza au tumbo lajaa, usiseme ni jino tu, wala usitafute mwenye kijicho. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mpeleke hospitali kubwa upesi, kwani dawa za saratani huuyeyusha vizuri, na watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza matibabu hupona.

Jirani yangu nilimjibu: hukumtia wewe, shoga. Kazi yako sasa ni kuhakikisha hakosi hata duru moja ya dawa.