Je, Wajua? Siri za Makali na Kisu cha Kukunja

Chukua kisu kikongwe kuliko vyote jikoni mwenu, ukilaze kando ya kipya cha aina ileile. Kikongwe kimekonda. Nyama yake imeliwa na kinoo, punje kwa punje, mwaka baada ya mwaka. Kunoa ni kupunguza chuma mpaka makali yajitokeze, na ukishapunguza hurudishi. Kabla hujashika tupa au kinoo, yajue haya.

Je, wajua kwamba kisu cha kukunja si cha juzi? Huko Hallstatt, nchini Austria, kilipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, cha miaka takriban 2,500 iliyopita. Warumi nao walikuwa na vyao.

Je, wajua kwamba pete moja ilibadilisha kisu cha mfukoni? Mwaka 1890, Joseph Opinel, kijana wa miaka 18, alitengeneza kisu cha kukunja katika karakana ya familia yao huko Savoie, Ufaransa. Kilikuwa na mpini wa mti, bapa, msumari na pete ya chuma, basi. Pete hiyo inayokaza mpini pale bapa linapoingia, Waswahili huiita noleo. Mwaka 1955, Marcel Opinel aliongeza juu yake pete ya pili inayozunguka: ukiizungusha, bapa linakwama wazi, halikufungii vidole. Visu hivyo vimepewa namba. Bapa la namba 8 lina urefu wa sentimita 8.5.

Je, wajua kwamba mpini hunywa maji? Mti ukilowa hufura, ukalibana bapa hata ukucha ushindwe kulitoa. Watu wa Savoie wana dawa yao: hugonga kitako cha mpini juu ya meza, na ncha ya bapa ikachomoza. Anayependa kukirekebisha kisu chake nyumbani huuchonga mpini kwa tupa ukae sawa na kiganja, akausugua kwa msasa, kisha akaunywesha mafuta ya kitani au nta ili maji yasipate njia.

Je, wajua kwamba tambara la mafuta hayo huweza kujiwasha? Mafuta ya kitani yanapokauka huungana na oksijeni na kutoa joto. Tambara likifinyangwa na kutupwa kwenye kona, joto hukosa pa kutokea, likashika moto bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au liloweke majini.

Je, wajua kwamba msasa ni mti? Kabla ya karatasi ya dukani, mafundi walilainisha mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ilirithi kazi pamoja na jina.

Je, wajua kwamba karatasi yaweza kukupimia pembe ya kunolea? Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22.5. Simamisha pembe hiyo juu ya kinoo, uinue mgongo wa kisu mpaka ulingane nayo. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya hunolewa kwa nyuzi kama 20 kila upande, vya Kijapani kama 15. Pembe ikiwa ndogo, kisu hupita kwenye nyanya kwa ulaini, lakini kikigonga mfupa kinamomonyoka. Ndiyo sababu panga halinolewi kama wembe.

Je, wajua kwamba kalamu ya wino mzito itakuonyesha kosa lako? Paka wino kwenye makali, kisha pitisha kisu mara mbili tatu kwenye kinoo. Wino ukitoka juu tu, karibu na mgongo, umekilaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umekiinua mno.

Je, wajua kwamba chuma hukwambia upande umekamilika? Ukinoa upande mmoja vya kutosha, uzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa pili. Hauonekani kwa urahisi, ila ukivuta kidole kutoka mgongoni kuelekea nje utausikia ukikwaruza. Usivute kidole kufuata urefu wa makali! Uzi huo ukitokea kutoka shina hadi ncha, geuza kisu. Mwishoni uondoe kwa kukipitisha juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Je, wajua kwamba rangi ya buluu ni habari mbaya? Jiwe la kunolea la umeme hufanya kazi haraka, nalo huchoma haraka. Kwenye bapa la chuma cha kaboni, buluu ina maana joto limefika kama nyuzi 300 za Selsiasi, na ugumu wa chuma hapo umepungua. Utanoa leo, kesho kitakuwa butu. Chovya bapa majini kila mara, kabla halijakuchoma mkono.

Je, wajua kwamba ndimu hupaka kisu rangi? Asidi yake hulifanya bapa la chuma cha kaboni liwe na madoa ya kijivu na buluu. Wengine huyafanya kwa makusudi, kwa siki au haradali, kwa kuwa utando huo hupunguza kasi ya kutu.

Je, wajua kwamba unywele huushinda wembe? Mwaka 2020, watafiti wa MIT nchini Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, huweza kumega makali yake. Hilo hutokea unywele unapojipinda na kubonyeza mahali palipo dhaifu.

Je, wajua kwamba kinoo kimo kabatini? Geuza kikombe cha kauri. Duara la chini lisilopakwa rangi ya kung'aa ni gumu kuliko chuma cha kisu. Pitisha kisu hapo mara chache kila upande, kioshe, ukikaushe, kisha ukijaribu kwenye nyanya. Ganda likikubali bila kusukumwa, weka kikombe chini. Kila pitisho la ziada linakula kisu.