Kabla ya Kufika Mwilini

Fundi wa simu wa mtaa wa Umoja au Kariobangi nchini Kenya, azoeaye kuitazama bodi kwa hadubini na kuchomelea vipande vidogo kuliko punje ya mtama, akifunguliwa seti ya majaribio ya vichocheo vya mishipa ya fahamu hatastaajabu: ataona bodi, betri, chipu itoayo mapigo ya umeme, na nyaya za elektrodi. Vyombo vya jamii hii, vikisha kufungwa ndani ya kasha la titani, hupandikizwa chini ya ngozi ili kutuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, kifafa kilichoshinda dawa, au maumivu sugu ya mgongo. Ama seti ya mezani hubaki wazi makusudi, ili kila taksiri idhihirike ingali rahisi kurekebishwa.

Badala ya mwili huwekwa kwanza rezista ya takriban omu 1,000, kisha bakuli la maji safi yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita, na umbo la pigo hutazamwa katika oskiloskopu. La kuchunguzwa kuliko yote ni marejeo ya chaji. Pigo la miliampea 2 lidumulo maikrosekunde 200 huingiza maikrokulombu 0.4, na ni wajibu pigo la pili, la mwelekeo wa kinyume, liitoe yote. Mwenye duka apunjwaye senti moja kwa kila pakiti hatambui jioni, bali mwisho wa mwezi mtaji umekwisha. Kadhalika mapigo 30 kwa sekunde ni 2,592,000 kwa siku, na upungufu wa asilimia 1, ukiachwa, hujilimbikiza hata maji yaizungukayo elektrodi yakabadilika kemia yake, madini yakaliwa na seli zikafa. Ndiyo sababu kapasita hutiwa katika njia ya elektrodi, na baada ya kila pigo elektrodi zikaunganishwa ili masalio yatoke.

Faida ya kujaribu mezani kwanza yaonekana katika kisa cha kale: mwaka 1958, huko Uswidi, mhandisi Rune Elmqvist alitumia kopo la rangi ya viatu kuwa kalibu ya kumiminia epoksi, akaunda kichocheo cha moyo ambacho daktari Åke Senning alimpandikizia mgonjwa Arne Larsson. Kilizimika baada ya saa chache. Lakini Larsson, kwa kubadilishiwa vyombo zaidi ya 20, aliishi hadi 2001.

Leo kuzimika kwa namna ile hutakiwa kutokee mezani. Hata hivyo bakuli haliwezi kushuhudia kovu litakaloizunguka elektrodi, wala unyevu utakaopenya kasha baada ya miaka. Mambo hayo yana vipimo vyake, na nchini Kenya kamati za maadili na Bodi ya Dawa na Sumu zina neno lao kabla mgonjwa hajaguswa.

Basi kijana wa Buruburu atakaye elimu hii na atumie betri, asiunganishe elektrodi na umeme wa nyumbani wa volti 240, aandike kila kipimo daftarini, wala asitoke kwenye rezista kwenda kwenye maji ya chumvi mpaka hesabu ya chaji iingiayo na itokayo imesawazika.