Kuni, pipa na ulezi: vifaa nafuu vya kupikia pombe kutoka Sumbawanga hadi Kasanga

Upishi wa pombe ya kienyeji mkoani Rukwa ni biashara ya nyumbani, na mara nyingi mwenye biashara ni mwanamke. Mtaji wake ni madebe kadhaa ya ulezi au mahindi, vyombo vya kuchemshia na kuchachushia, kuni, na wateja wanaojua siku ambayo pombe itaiva. Pombe inayojulikana zaidi Ufipa, eneo la Wafipa mkoani humo, ni kimpumu, ambayo mapishi yake yametawaliwa na ulezi. Machicha yaliyochachuka huachwa chomboni, maji ya moto huongezwa, na wanywaji hunywa kwa mirija. Watu wa Teso, mashariki mwa Uganda, hunywa ajoni yao kwa namna hiyohiyo.

Barabara ya Sumbawanga hadi Kasanga kupitia Matai haizidi sana kilomita 110, lakini inashuka kutoka mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi bandari ya Ziwa Tanganyika, iliyo takriban mita 770. Juu kuna baridi. Usiku wa Juni na Julai mtu hatoki bila sweta. Chini, kwa wavuvi na wapakuzi wa mizigo, joto halipungui sana hata usiku. Mpishi anayebeba mapishi ya juu kwenda chini bila kubadili chochote hupata pombe chungu iliyowahi kuharibika, na anayepanda na ya chini husubiri povu lisilotokea. Vifaa vya bei nafuu vinavyofaa ni vile vinavyojibu tofauti hiyo ya joto.

Anayeanza hudhani gharama kubwa ni vyombo. Si hivyo. Pipa hununuliwa mara moja likatumika miaka, ilhali kuni hununuliwa au kutafutwa kila pishi. Hesabu yake si ngumu. Lita 100 za maji ya nyuzi joto 20 zikipandishwa hadi nyuzi 94, ambako maji huchemka kwenye mwinuko wa Sumbawanga, zinahitaji nishati ya megajuli 31 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 16. Joto lote lingeingia chomboni, kilo 2 zingetosha. Kwenye mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo, sehemu inayoingia ni kama asilimia 12 tu, kwa hiyo zinateketea kilo 16. Jiko lililozibwa vizuri likifikisha asilimia 25, kilo 8 zinamaliza kazi. Kwa anayepika kila wiki, nusu hiyo ya kuni inayookolewa ndiyo faida yenyewe. Ndiyo maana fedha ya kwanza ya vifaa iende kwenye jiko, kabla ya ndoo mpya au pipa la pili.

Jiko hilo hujengwa kwa tofali na udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Chombo kinazama ndani ya ukuta badala ya kukaa juu yake, na kati ya ukuta na chombo inaachwa nafasi ya vidole viwili hivi ili moto upande ukilamba ubavu wote. Chini ya kuni huwekwa chaga ya vipande vya nondo. Hewa ikipita chini yake, kuni huungua zote na moshi hupungua. Nyuma hutoka bomba la moshi, la tofali au la bati. Wafipa wanaijua kanuni hiyo tangu zamani. Wahunzi wao waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, na kimo hicho ndicho kilichovuta hewa kupitia matundu ya chini pasipo mtu kuvukuta. Bomba la jiko la pombe hufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kidogo.

Mfuniko nao ni kifaa, tena wa bei ndogo kuliko vyote. Kila lita moja ya maji inayopotea kama mvuke hula nishati ambayo ingechemsha lita 7 za maji baridi. Bati bapa lililokatwa na fundi na kutiwa mkono wa mbao hurudisha gharama yake katika pishi chache.

Kuhusu pipa lenyewe, tahadhari inahitajika, kwa sababu hapa kubana matumizi kunaweza kuua. Mapipa ya chuma ya lita 200 yanayouzwa mitaani yamepita katika kazi nyingi. Lililobeba lami, dizeli au dawa ya mimea halifai hata likichomwa moto ndani na kusuguliwa kwa mchanga. Lililobeba mafuta ya kula linafaa, mradi muuzaji aweze kuonyesha lilikotoka. Vyombo vya mabati yenye zinki visiguswe na pombe kabisa: pombe iliyochachuka ni chachu kiasi cha kuyeyusha zinki, na zinki hiyo husababisha kutapika. Sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu zina hatari ya risasi.

Hata pipa safi la chuma tupu lina mpaka wake. Kusini mwa Afrika madaktari wamejua tangu mwaka 1929 ugonjwa wa kujaa madini ya chuma mwilini, ambao baadaye ulihusishwa na pombe ya nafaka inayopikwa na kuchachushwa katika vyombo vya chuma. Uchachu huchota chuma kutoka kwenye pipa, na kwa mnywaji wa miaka mingi chuma hicho hujilimbikiza kwenye ini. Njia salama ni kugawa kazi: pipa lichemshe maji, na uchachushaji ufanyike katika mtungi wa udongo au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Dumu la mafuta ya kula ni bora kuliko ndoo ya rangi, hata ikiwa ndoo hiyo ni kubwa na ya bure.

Kabla ya moto kuna kimea. Ulezi hulowekwa kwa siku moja au mbili, humwagwa maji, kisha hulazwa kwenye kapu au gunia na kufunikwa kwa majani hadi uote. Sumbawanga wakati wa baridi kazi hii huchelewa, na kapu huwekwa karibu na jiko. Kifaa kinachobadilisha ubora hapa ni kichanja cha matete au wavu chenye kimo cha kiunoni. Kimea kinachokaushwa juu ya kichanja hupata hewa chini na juu, hakichukui vumbi, na kuku hawakifikii. Kinachokaushwa chini hukauka upande mmoja na kuota ukungu upande wa pili.

Ukungu si suala la ladha tu. Sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, haiondoki kwa kuchemsha. Msumbiji ilipata somo zito zaidi Januari 2015, pale watu 75 walipokufa huko Chitima, mkoani Tete, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulionyesha bakteria waliozalisha sumu katika unga wa mahindi ulioharibika. Jiko zuri na pipa safi havimsaidii mpishi aliyeanza na unga uliolowa ghalani. Rukwa, moja ya mikoa inayozalisha mahindi mengi nchini, haina sababu ya kupika pombe kwa nafaka iliyokataliwa na mnunuzi.

Hatua inayowasumbua wengi ni kuchanganya uji na kimea. Wanga wa mahindi na ulezi unahitaji joto kali ili ulainike, lakini vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufa kwenye joto hilohilo. Kwa hiyo uji hupikwa kwanza, hupozwa hadi nyuzi 65 hivi, ndipo unga wa kimea unatiwa na chombo kufunikwa kwa saa moja au zaidi. Asiye na kipimajoto anaweza kutumia ndoo. Sumbawanga, ndoo 3 za uji unaochemka na ndoo 2 za maji safi ya nyuzi 20 hutoa mchanganyiko wa nyuzi 64. Kasanga maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi na maji baridi yenyewe ni vuguvugu. Kipimo cha juu kingevuka nyuzi 68. Huko ndoo 4 kwa 3 hukaribia nyuzi 66, na unga ukiingia hushuka kidogo. Maji ya kupozea yawe yamechemshwa na kuachwa yapoe, la sivyo mpishi anarudisha vijidudu alivyokwisha kuviua.

Baada ya hapo ni kazi ya hamira, na hamira hupenda nyuzi 25 hadi 30. Sumbawanga ndoo ya pombe huingizwa ndani ya sanduku au kapu kubwa lililojazwa pumba za mpunga, zinazopatikana kwa wingi kutoka Bonde la Rukwa, na juu hufunikwa blanketi. Pombe inayochachuka hutoa joto lake yenyewe. Pumba hulizuia lisitoroke. Kasanga tatizo ni kinyume chake. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliowekwa kivulini na kufungwa kitambaa kinachomwagiwa maji, hupoa kwa sababu maji huchukua joto yanapovukiza. Ndoo ya plastiki haina faida hiyo, na hapo mtungi wa zamani unaishinda ndoo.

Chombo kisizibwe kabisa. Gesi ya uchachushaji inaweza kupasua dumu lililokazwa kizibo. Mrija mwembamba uliopitishwa kwenye mfuniko, mwisho wake ukizamishwa katika chupa ya maji, huruhusu gesi kutoka na huzuia nzi kuingia. Vyombo huoshwa kwa maji yanayochemka mara tu baada ya kazi. Anayetumia jiki aisuuze vizuri. Kitambaa cha kuchujia huchemshwa kila pishi, na mirija ya wateja vilevile, kwa kuwa mrija unaopita mdomo hadi mdomo husambaza maradhi.

Machicha hayatupwi; hulishwa nguruwe. Nguruwe ni wengi Ufipa, na mpishi mwenye banda au jirani mwenye banda hupunguza gharama za ulezi kwa njia hiyo.

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaiweka pombe ya kienyeji chini ya leseni, na halmashauri husimamia vilabu. Kuongeza bomba la kupoza mvuke juu ya pipa hilohilo ni jambo jingine kabisa: hiyo ni gongo, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, na mabomba yanayotumika, mara nyingi ya rejeta za magari, huingiza risasi kwenye kinywaji. Anayetaka kukua kihalali ana njia ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo husaidia wajasiriamali wadogo kufuatilia alama ya ubora ya TBS.

Kinachobana ukuaji huo ni uhai mfupi wa bidhaa. Bia ya kiwandani kutoka Mbeya husafiri kwa lori na kukaa rafuni kwa miezi, kwa kuwa imechujwa na kupashwa moto kuua vijidudu. Pombe ya ulezi inaendelea kuchachuka hadi inapomalizwa kunywewa. Ikifungwa kwenye chupa, chupa hupasuka. Ikiachwa siku tatu Kasanga, huwa siki. Kwa hiyo mpishi wa bandarini hupika kidogo na mara nyingi, jambo linalohitaji vyombo vidogo kadhaa badala ya pipa moja kubwa, ilhali wa Sumbawanga anaweza kupika pipa zima siku mbili kabla ya mnada na kuuza mpaka tone la mwisho.