Figo Zikishindwa, Ubongo Hupatwa na Nini?

Tusomapo habari za figo shuleni, aghalabu huishia kwenye mkojo. Lakini figo zishindwapo na kazi, ubongo nao hudhurika, ijapokuwa uko mbali nazo. Sababu yake ni nini?

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo, zikichukua takataka za mwili. Figo zikishindwa, takataka hizo hubaki katika damu. Ijulikanayo zaidi ni urea, lakini zipo sumu nyingine nyingi, na kadiri ya chumvi na asidi nayo huvurugika. Damu hiyo hiyo ndiyo ilishayo ubongo.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa umeme hafifu mno. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Hans Berger, alitangaza kwamba umeme huo hupimika juu ya kichwa. Mtu mzima aliyetulia na kufumba macho bila kulala huonyesha mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Kwa mgonjwa wa figo mawimbi hayo hupungua kasi, na hali ikizidi huweza kushuka chini ya 4. Mgonjwa husahau, husinzia mchana, mikono hupapatika, na hatimaye huweza kupatwa na kifafa au kuzimia.

Je, ubongo huo umekwisha haribika? Mwaka 1945 huko Uholanzi, daktari Willem Kolff alimuunganisha mama wa miaka 67, aliyekuwa amezimia, na mashine yake ya kusafisha damu. Baada ya saa kadhaa mama huyo alizinduka, akaishi miaka kadhaa zaidi.

Hata hivyo, usafishaji huo wahitaji hadhari. Urea ikiondolewa upesi katika damu, iliyomo ubongoni huchelewa kutoka. Maji huifuata kwa osmosisi na ubongo huvimba, kama kipande cha kiazi kilichotiwa katika maji matupu. Kwa hiyo matibabu ya kwanza hufanywa polepole.

Basi mtu akibadilika akili ghafla, tusiharakishe kusema kwamba amerogwa. Apelekwe hospitali, damu yake ipimwe. Huenda chanzo kimo katika figo.