Dawa nyingi kwa mzee mmoja: nani anazijumlisha?

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Kutus, Kaunti ya Kirinyaga, karibu na mashamba ya Mwea inakotoka pishori tunayoipikia biriani. Wazee wengi wa huku wameinama kwenye mpunga miaka na miaka, na sasa magoti na viuno vinawadai. Wazee wetu wa Lamu, Malindi na Likoni hawakulima mpunga huo, lakini ukifungua mfuko wao wa dawa utakuta mambo ni yale yale: vidonge vya presha, vya sukari, vya maumivu, vya tumbo na vya usingizi.

Wataalamu wengi husema mgonjwa anayetumia dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja anatumia dawa nyingi. Hilo peke yake si kosa. Mwenye presha, kisukari na ugonjwa wa moyo huenda akazihitaji zote. Hatari huja pale ambapo hakuna mtu hata mmoja aliyeziona dawa zote pamoja.

Tazama zinavyojikusanya. Mzee wa hapa huchukua dawa ya presha hospitali ya kaunti, Kerugoya. Goti likimuuma hapandi tena Kerugoya. Hununua diklofenaki kwenye duka la dawa la karibu. Mwanawe aliyeko Nairobi humtumia vidonge vya mifupa, na jirani humletea mizizi ya kuchemsha. Kila mmoja amefanya wema, wala hajui mwenzake katoa nini.

Mwili wa mzee nao si ule wa ujana. Figo husafisha damu polepole zaidi na maji mwilini hupungua, kwa hivyo dawa hukaa muda mrefu na nguvu yake huzidi. Kipimo kilichomfaa akiwa na miaka arobaini chaweza kumlemea akiwa na themanini.

Chukua hiyo diklofenaki. Mzee akiitumia pamoja na enalaprili au losartani ya presha, na juu yake dawa ya kumkojoza, zote tatu hukutana kwenye figo. Figo zaweza kufeli bila yeye kuhisi chochote mapema. Ibuprofeni ni vivyo hivyo. Na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda akiongeza dawa hizo za maumivu, aweza kuvuja damu tumboni.

Kuna pia dawa inayozaa dawa. Amlodipini, kidonge cha presha, huweza kuvimbisha miguu. Uvimbe ukidhaniwa ni ugonjwa mpya, mzee huongezewa Lasix. Sasa anaamka usiku kwenda msalani, kizunguzungu kinamshika, anaanguka na nyonga inavunjika. Enalaprili nayo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na wakaishia kununua dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa. Hata Piriton ya mafua yaweza kumchanganya mzee akili na kumzuia mkojo, nasi tukasema ni uzee tu.

Kwetu Waislamu kuna la ziada. Glibenklamidi, dawa ya sukari, huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mzee anayefunga Ramadhani na kuimeza wakati wa daku aweza kuzimia kabla ya adhuhuri. Akiongeza majani ya muarobaini, nayo yaweza kuishusha zaidi. Aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa na saa zake, au aambiwe wazi kwamba asifunge. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Haya si mageni kwa madaktari. Mwaka 1991 Dkt. Mark Beers wa Marekani alitoa orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee, na hadi leo huwa inapitiwa upya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa. Lakini orodha haimfai mzee ambaye daktari wake anajua nusu tu ya anachomeza.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, tia dawa zote za mzazi wako katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, matone ya macho, mitishamba, hata zile zilizobaki za mwaka jana. Mpelekee daktari au mfamasia, umuulize kila moja ni ya nini, bado inahitajika, na haigongani na nyingine? Omba figo zipimwe. Andika majina kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende naye kila kliniki na kila duka la dawa.

Ila usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama atenololi, zikikatwa ghafla zaweza kuleta mshtuko wa moyo. Anayepunguza awe ni mtaalamu, kidogo kidogo. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba mtaalamu huyo ameona mfuko mzima.