KWA NINI KARAFUU HUVUNDA NDANI YA LUNDO



Kila msimu huonekana karafuu iliyonyauka, nyeupe-nyeupe, isiyo na harufu njema, na mwenyewe huapa kuwa haikuingia mvua. Nasi twamsadiki. Mara nyingi kilichoiharibu ni usiku mmoja tu ndani ya gunia. Yafaa tuelezane sababu yake.

Ndani ya kila mmea na kila mnyama mna vitu vya namna ya protini viitwavyo vimeng'enya. Kazi yake ni kuharakisha mageuzi ambayo bila ya hivyo yangechukua muda mrefu mno, wala vyenyewe havimaliziki. Kila kimoja kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake. Kilichomo katika utomvu wa papai bichi hulainisha nyama ya mishikaki. Kilichomo katika mate hugeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana muhogo ukitafunwa sana huwa mtamu.

Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua. Maji yale, ambayo hayakuwa na hamira hai, yakachachua sukari vile vile. Basi vimeng'enya huweza kufanya kazi hata nje ya kiumbe hai. Karafuu nayo, ikisha kuchumwa, mambo ndani yake hayajakoma.

Vitu vitatu hasa huvitawala. Kwanza ni ukali: bilingani lililokatwa hugeuka jeusi, lakini likipakwa ndimu hukawia. Pili ni joto: likizidi kidogo, kazi huenda mbio, likizidi sana, vimeng'enya huharibika. Papai lililochemshwa likaiva halilainishi tena nyama. Tatu ni maji: yakiondoka, kazi husimama.

Sasa tazameni lundo la karafuu mbichi. Lina maji tele, na kazi inayoendelea ndani yake hutoa joto. Joto halina pa kutokea, nalo huizidisha kazi ile ile, na ukungu na vijidudu hupata makao. Tia mkono katikati ya lundo asubuhi, utaona lina vuguvugu.

Karafuu hatuwezi kuichemsha, kwani mafuta yake ndiyo thamani yake. Silaha yetu ni kuondoa maji upesi. Kwa hiyo twawaomba:

1. Chambueni makonyo siku ile ile ya kuchuma.
2. Msilaze karafuu mbichi ndani ya magunia. Itandazeni juu ya majamvi, tabaka nyembamba.
3. Igeuzeni mara kwa mara. Jua likiwa zuri, siku nne au tano hutosha.
4. Mvua ikija, ianueni na kuitandaza chini ya paa, msiirundike.
5. Msitie maguniani mpaka kikonyo kivunjike kwa mlio. Hapo karafuu imepoteza yapata theluthi mbili ya uzito wake.

Jasho la msimu mzima lisipotee kwa usiku mmoja.